Nyanya Salome Alipofungua Akaunti

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka hapa Najma, mtaa wetu huku ughaibuni. Mama yako hurudi kutoka kazini hospitalini akiwa amechoka, lakini ni mzima, na Ijumaa, ambayo huku ni siku ya mapumziko, tulisali pamoja kanisani Mesaimeer.

Umeniuliza kama kile kibao kwenye benki ya zamani huko nyumbani, kinachosema watumwa walioachwa huru na watoto wao waliweka akiba hapo, kinatuhusu. Kinatuhusu sana. Nilikuwa nimemaliza shule tu nilipomsindikiza nyanya yangu Salome kufungua akaunti. Mama yake aliwahi kuuzwa sokoni. Mengine hakupenda kuyasema.

Karani hakuinua hata macho. "Mama, wewe ni wa nani?" Alitaka jina la mume.

Nyanya akamjibu taratibu, "Mama yangu ndiye aliyekuwa wa mtu. Mimi ni wangu. Andika Salome."

Karani akasimama, akamsogezea kiti chake mwenyewe. Nyanya akaketi, akatia kidole gumba kwenye wino na kukibonyeza kwenye karatasi bila haraka.

Tulipotoka nilimpa leso ajifute wino. Alikataa, akarudi nyumbani akimsalimia kila mtu njiani kwa mkono ule.

Nyanya yako akupendaye,
Raheli