Saa ya Kinshasa kwenye msafara wa Beni

Jumanne, 10 Juni
Umeme umekatika mara mbili kabla ya chai. Programu ya risiti iliyoletwa kutoka Kinshasa bado inaigomea saa yetu ya Butembo, iliyo mbele ya ile ya kwao kwa saa moja. Imenichosha. Nimeandika faili fupi ya kuiwasha: kwanza inaiwekea saa ya Kinshasa, kisha inaifungua. Risiti zinatoka. Mzee Ramazani, mwenye malori, kafurahi mpaka kaninunulia soda. Nikajiona fundi kweli.

Jumatano, 11 Juni
Mambo mabaya. Msafara wa Beni, ule unaosindikizwa na askari, huondoka saa tatu. Kompyuta yetu huwatumia madereva ujumbe wa simu saa mbili, wajipange. Leo ujumbe umefika saa tatu. Msafara umeshakwenda. Wengine wamerudi nyumbani. Mdogo wangu Kambale, naye dereva, hakurudi. Ameufukuzia peke yake, na lori la maharagwe ya Kirumba. Simu yake haipatikani. Mama ananiuliza, nasema ni mtandao. Naogopa.

Jumatano, jioni
Nimeliona kosa. Programu ya risiti ndiyo inayowasha ile ya kutuma ujumbe, na inayowashwa hurithi mipangilio yote ya iliyoiwasha. Saa ya Kinshasa imepenya hadi huko. Niliyeiweka ni mimi. Nilijaribu risiti tu, ujumbe sikuugusa. Mjinga mkubwa! Kuiondoa kabisa siwezi, risiti zitakwama. Nimeweka faili nyingine katikati yao: inafuta saa ya Kinshasa, ndipo inawasha ya ujumbe. Nimejaribu tena na tena. Inatuma kwa saa yetu.
Kambale kimya.

Alhamisi, 12 Juni
Amepiga kutoka Beni! Pancha ilimkamata njiani, msafara hakuukuta. Amelala kwenye majani, mbali na lori, akisikia risasi. Nimelia. Kisha nikamwambia yote.
“Donc, kumbe ilikuwa weye, yaya, mkubwa wangu. Siku ya kurudia unipigie weye mwenyewe. Ile message, hapana, siamini tena.”
Nikamwahidi.

Jumamosi, 14 Juni
Msafara wa kurudi leo. Ujumbe umetoka saa mbili. Nikampigia vilevile. Alipokea mara moja, injini inanguruma, akasema sawa.
Kwenye kompyuta nikaona ujumbe wangu hakuwa ameufungua.