Mama Aliniita Mara Tatu

Jumatatu, tarehe 2, mwezi wa sita

Vioo vya hadubini thelathini na nane leo. Shingo imekufa ganzi. Watu wa vijiji vya Wamaza wamejaa kwenye mabenchi ya kituo cha afya, na mpimaji ni mimi peke yangu. Maji ya tezi za shingo husomwa yangali mabichi. Kimelea cha malale kikifa hakichezi tena, na kisipocheza kinapotea katikati ya chembe za damu. Kwa hiyo sili, sinyanyuki. Muuguzi wetu, Mama Zaina, amenigombeza eti nimemnyima salamu. Sikujua hata kwamba aliingia. Amesema mwisho nitaoa hadubini.

Jioni dada yangu Mwamini amemleta mama kwa pikipiki kutoka kijijini. Pumzi inamkatika. Kesho atapimwa.

Jumanne, tarehe 3

Mama amekufa.

Siwezi kuandika.

Jumatano, tarehe 4

Tumemzika asubuhi.

Niandike ilivyokuwa, kabla watu hawajanichanganya. Jana, saa nne. Mama aliketi kwenye benchi chini ya dirisha langu akingoja zamu yake. Dirisha wazi. Toka benchi hadi kiti changu ni hatua tatu. Mwamini alikwenda kuchota maji. Akiwa bado njiani alisikia mama akiita, “Baba! Baba!” Ndivyo alivyoniita tangu utoto, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. Mara tatu. Watu wa mabenchi walisikia wote. Hawakuinuka, maana mtoto wake yuko pale pale, ataitika. Kisha akateleza kwenye benchi. Mama Zaina alipofika, yalikuwa yamekwisha.

Mimi nilikuwa juu ya kioo kichafu, kimejaa damu, natafuta kitu kimoja chembamba kinachocheza. Nilipokimaliza nikainua kichwa, nikakuta mlango umejaa watu wananitazama.

Sikusikia. Wallahi sikusikia.

Alhamisi, tarehe 5

Hakuna anayeniamini. Ningekuwa mimi ni wao, nami nisingeamini. Mwamini, anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, amesema neno moja tu tangu mazishi: “Yaya, miye nilikuwa mbali, nikasikia. Weye je?”

Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema wanawake kisimani. Wangu sikujitakia, na kilio chake wamekataa kunipa.

Mjomba, kaka yake mama, ameita kikao siku ya Jumatatu. Kwetu mtoto aliyekataa mwito wa mzazi hukiri mbele ya wajomba, hutoa kuku, hunawishwa mikono, yakaisha. Kukataa kuna kuku wake. Kutosikia hakuna chochote. Nikisema ukweli nitaonekana katili na tena mwongo, na Mwamini ataondoka moja kwa moja. Ndiye pekee wa tumbo moja niliyebaki naye.

Naichukia kazi hii. Nayachukia masikio yangu.

Jumamosi, tarehe 7

Nilimwomba Mama Zaina anipime. Mimi, mpimaji! Aliniona nimeanza kurukwa na akili, lakini akakubali.

Kwanza nikaweka kioo kitupu, maji matupu. Hapo nilisikia kila kitu. Kuku uani, mwiko kwenye sufuria, pikipiki ya mbali, mtu anakohoa. Aliponiita tu niligeuka. Kisha nikaweka kioo kizito kilichojaa damu, nikatafuta kwa kweli. Nilipomaliza nilimwuliza ataanza lini kuniita. Alikuwa ameniita mara tano na kugonga beseni. Alishika mdomo.

Siku zote nilidhani kazi ngumu ndiyo inayosumbuliwa na kelele. Kumbe nyepesi ndiyo inayoacha nafasi, na kelele zinajiingilia. Ngumu inakuwa kama mtumbwi uliojaa: hata mama yako akiwa ukingoni, hapati pa kukaa.

Sikufurahi.

Jumapili, tarehe 8

Nilimsihi Mwamini aje aone mwenyewe. Alikuja amekunja uso. Nilimwambia akae kwenye benchi lile, aniite wakati wowote, kwa jina analotaka. Niliweka kioo kizito.

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama dirishani, machozi yanamtiririka. Mama Zaina ameniambia baadaye: aliita “Baba” kwa sauti ya mama. Mara nyingi. Mwisho alipiga kelele kabisa, mpaka watu wakatoka nje kutazama.

Nilifikiri sasa atanishika mkono. Alisema: “Afazali ungesikia na kukatala. Angalao mama angekuwa ameita mutu. Sasa aliita nani, Yaya? Aliita mutu mwenye hakukuwa pale.”

Akaenda zake. Ameniamini, na imekuwa vibaya zaidi.

Jumatatu, tarehe 9

Kikao. Mjomba kwenye kiti, wazee wawili, Mwamini kwenye mkeka nyuma yao. Nilikuja na kuku chini ya kwapa. Mjomba aliuliza, “Mama yako alipoita, ulisikia?”

Nilimtazama Mwamini. Aliinamisha uso.

Nikasema nilisikia. Nikasema nilitaka kumaliza kazi kwanza.

Mjomba alishusha pumzi. Wote walishusha pumzi. Mzee mmoja alilia. Walininawisha mikono, wakanilaani kidogo, wakanibariki, tukala. Mwamini alipakua wali, akanipa sahani yangu kwa mikono miwili.

Sasa wamenisamehe kosa nisilolifanya. Lile nililolifanya limebaki na mimi, na Mwamini.

Ijumaa, tarehe 13

Watu wengi tena. Vioo ishirini na sita kabla ya adhuhuri. Kwenye kimoja nimekipata kimelea, kinacheza. Mwanamke wa Wamaza. Ataanza dawa, atapona.

Nilikuwa juu ya kioo kilichofuata nilipohisi mkono begani. Mwamini, na furushi lake. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Sikumwuliza. Aliniambia pikipiki ya kwenda mji wa Kasongo inamngoja. Mkono wake ulikaa begani kidogo, kisha akautoa.

Nimesikia pikipiki ikiondoka. Nimerudi kwenye kioo.

Hatua tatu, na mkono begani, ningegeuka. Mama hakuweza kusimama.