Kalisiamu ya Mama Mkwe

Shoga, niko kwenye maegesho ya hospitali, sijui nicheke au nilie.

Si unajua mama mkwe aliteleza bafuni akavunjika mkono? Leo daktari katazama picha, akasema mifupa imekosa kalisiamu. Mimi na kiherehere changu nikamkatiza: "Haiwezekani, dokta. Mimi ni mfamasia, vidonge vya kalisiamu namletea mwenyewe kila mwezi."

Mama akajibu taratibu, kama anayeomba apitishiwe chumvi: "Nawapa kuku."

KUKU. Shoga, kuku.

"Walikuwa wanataga mayai ya maganda laini, mwanangu. Nikavisaga, nikachanganya na pumba. Sasa yai mpaka uligonge mara mbili."

Mwaka mzima nalisha kuku dawa, na kila nikiona chupa tupu namsifu.

Daktari akainamia meza, mabega yakimtikisika. Alipopata sauti akasema: "Basi mama, kula dagaa wazima na mifupa yao, maziwa, na mboga za majani."

Mama akaninong'oneza, ila chumba kizima kilisikia: "Dagaa hao nitawamegea na kuku kidogo. Nikiwanyima ghafla watanielewaje?"