Kadi ya Grafiki Usinipunguzie

Ndagoni, Mafia

Kaka Fikiri,

Shikamoo. Sisi wazima, na mama anakusalimu sana. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa siku hizi simu yangu anaishika mume wangu, Zubery.

Kuhusu ile kompyuta, prosesa chukua uliyoipendekeza, RAM iwe gigabaiti thelathini na mbili, na kadi ya grafiki usinipunguzie. Zubery nimemwambia ni ya kuchezea gemu na kuhariri video za harusi. Nawe akikuuliza, mjibu hivyo hivyo.

Unamkumbuka marehemu Hamdu, mvuvi mwenzake Zubery, tuliyeambiwa alizama akiwa peke yake Ras Kisimani? Siku ile nilikuwa huko narusha droni, napiga picha za magofu. Juzi nikihariri, nimeiona ngalawa yake pembeni mwa video. Ndani yake mlikuwa na watu wawili. Mmoja alimsukuma Hamdu majini, kisha akamkandamiza kwa upondo, ule mti wa kusukumia ngalawa. Laptopu yangu inakwama kila nikiivuta karibu sura ya huyo aliyemsukuma, lakini shati lake nalijua. Nililifua mwenyewe.

Hadi hapo niliandika jana asubuhi. Jioni Zubery alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hiyo mashine mpya itaonyesha hata sura ya mtu aliye mbali?"

"Haiwezi," nikamjibu.

"Basi mzigo ukifika Kilindoni, nitaupokea mimi."

Kwa hiyo usitume kitu, kaka. Njoo unichukue. Kadi ya kumbukumbu ya droni, yenye ile video, nimeifunga humu ndani ya barua. Ukifika usinikute, ipeleke polisi.

Mdogo wako,
Nusra