Ziwa la Dada Rhobi

Musoma,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa Rhobi,

Salamu za hapa Musoma ziwakute huko Kisorya mkiwa wazima. Pelagia wako ameanza kutembea, au bado anabebwa kutwa nzima? Shemeji na mihogo yake wanaendeleaje? Sisi hatujambo, Mungu anatutunza. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na hasira yako naijua, haiishi upesi, umeirithi kwa mama.

Dada, daktari aliposema mayai yangu ni dhaifu nawe ukajitolea kunipa yai lako nipandikizwe mimba, nililia kwa furaha. Kisha nikakataa, ukaumia. Ulisema nimeolewa na Mwislamu, nikabadili dini, mpaka nimesahau kwetu Butiama. Bibi hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe akaoa binti kwa ndoa ya nyumba ntobhu, mke kwa mke, amzalie, ndivyo alivyopatikana baba yetu, na sisi tulikuwaga hatuulizi damu ni ya nani. Maneno hayo yalinichoma kwa kuwa ni kweli. Sijawahi kumwonea baba aibu hata siku moja.

Sheikh wetu, mtu wa Tanga, alitupokea kwa upole mimi na shemeji yako Swalehe. Alisema kupandikiza mimba hospitalini si dhambi, ni tiba, ilimradi mbegu iwe ya mume, yai na tumbo viwe vya mkewe, na ndoa yao iwe hai. Mtu wa tatu asiingie, maana mtoto ana haki ya nasaba yake. Alikiri wapo wanazuoni wanaoruhusu yai la mwanamke mwingine, ila yeye hawezi kutupa fatwa hiyo. Nikamwuliza kwa uchungu kama dada yangu hana nafasi kabisa kwa mtoto huyo. Akasema anayo, atampa ziwa.

Mimi nikajibu kwamba ziwa lipo, tena mlangoni kwa dada, hata kivuko cha Ukerewe anakiona. Swalehe akainama kuficha kicheko. Ndipo sheikh akafafanua kwamba kwao pwani ziwa ni titi. Mwanamke akimnyonyesha mtoto mchanga wa mwenzake akashiba, tena si mara moja, sheria inamhesabu kuwa mama yake. Wanawe wanakuwa ndugu wa mtoto huyo, hawawezi kuoana naye.

Sasa sikia jambo ambalo hata mama hajui. Tulijaribu mara ya mwisho, kwa yai langu lile lile dhaifu. Limeshika! Tumbo lina miezi saba, nalificha ndani ya baibui. Namshukuru Mungu asubuhi na jioni, nawe nakushukuru, maana ulivyokuwa tayari kunipa kilicho chako ndivyo nilivyopata moyo wa kujaribu tena.

Dada, usimwachishe Pelagia kunyonya. Nataka mwanangu awe na mama wawili, kama baba alivyokuwa nao.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia hapo. Nakusubiri, uje na ziwa lako.

Mdogo wako akupendaye,
Miriamu