Joho la Keziah

Jumatatu, 6 Juni 1853
Nimefika kwa Bibi Pargeter, huku bonde la Wensleydale, kaskazini mwa Uingereza. Mvua tangu asubuhi. Kondoo chapachapa, nami chapachapa. Anataka nimchoree bustani zake. Nimekubali kwa sababu moja tu — picha yangu ya kivukoni imo ukutani kwake. Tangu iuzwe sijaiona. Ndani yake yumo marehemu mke wangu Keziah, kando ya mto, na joho lake la buluu, dhoruba inakuja. Hakupenda kuchorwa kabisa! Siku ile aliniruhusu kwa kuwa angetokea mdogo kama kidole. Sina picha yake nyingine.

Jumanne, 7 Juni
Nimeiona. Mungu wangu!

Mawingu yamekuwa ya waridi! Kijivu cha mvua nilikipata kwa kuchanganya nili, ile buluu iliyokolea, na nyekundu, kama sisi wachoraji wote wa rangi za maji enzi zile. Jua limekula nili, likaacha nyekundu. Dhoruba yangu imekuwa machweo. Na Keziah — doa tu. Joho, nalo la nili, limekwenda. Wameitundika ikitazamana na dirisha la kusini!

Bibi Pargeter akaja na chai, uso umemchangamka. Eti hakuna anayeyaweza machweo kama mimi. "Wageni wangu wanayapenda sana, Bwana Wragg! Na bustani nichoree vivyo hivyo." Nikamwambia ilikuwa mvua. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Nyie wasanii! Hamkosi mizaha."

Alhamisi, 9 Juni
Kila asubuhi nafunga pazia. Tamsin, mtumishi wa ndani, anafungua. Nafunga. Anafungua. Leo kanifuma.

"Mzee, una ugomvi na jua? Huku kwetu lenyewe linatokea kwa kubembelezwa, nawe unalifungia nje!"

Nikamweleza. Akaisogelea picha, akakodoa macho. "Hapa pana mtu? Masikini! Mimi siku zote nadhani ni kigingi cha uzio."

Nimelia nyuma ya banda la farasi. Mtu mzima mimi.

Ijumaa, 10 Juni
Nimeomba ihamishiwe kwenye ujia wenye giza. Bibi Pargeter hataki hata kusikia. "Fahari ya nyumba nikaifiche kwenye makoti na miavuli?" Kisha akanionea huruma, nadhani. Akasema kama ni hicho kijitu kinachonisumbua, basi nikipake upya, kesho, mbele ya wageni wa chai. Ila mawingu nisiyaguse.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Jumamosi, 11 Juni
Picha imetolewa kwenye fremu, iko mezani mbele yangu. Naandika nikiwasubiri wageni. Buluu nimeichanganya, ya kobalti safari hii, haipauki. Rangi za maji hazina msamaha — ukikosea huna pa kuficha.

Joho nalikumbuka, kila kunjo. Lakini kichwa! Alikuwa akiutazama mto, au akinitazama mimi? Karatasi haisemi kitu. Nafumba macho, namwona akiutazama mto. Nafumba tena, ananitazama. Yote mawili waziwazi. Ee Keziah, nisaidie!

Tamsin amefungua mapazia yote ili watu waone vizuri. Ameninong'oneza nisiogope, hata nikikosea nani atajua?

Bibi Pargeter yuko mlangoni na watu wake. "Tuko tayari, Bwana Wragg! Tuanze?"

Brashi imeshaloa. Mto, au mimi —