Alama ya Mwanangu kwenye Ng'ombe wa Mahari

Jumapili, jioni. Upepo wa kipupwe umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chungu cha uji. Nina hasira, na miguu inaniuma.

Nianze na lile ninalolijua. Mwanangu Yona ana akili kuliko vijana wote wa Mandewa. Sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa. Waliozaa wengine nao wawataje wa kwao, tuwasikie. Yona yuko shule ya ufundi, anajifunza kuchora maandishi: vibao vya maduka, majina kwenye milango ya malori, mihuri. Jirani yangu Mama Samweli, mtoto wake anagonga mihuri kwenye boma la Wazungu, basi mama mtu anatembea kama mke wa gavana. Wa kwake anaigonga. Wangu anaichora.

Likizo hii alikuja na kazi ya mwalimu wake. Kila mwanafunzi atafute alama yake mwenyewe, ambayo mtu akiiona, hata asiyejua kusoma, atasema hii ni kazi ya fulani. Yona akachora kwa mkaa ukuta mzima wa tembe langu, ambalo nilikuwa nimelikandika juzi tu. Mtoto mwingine ningempiga. Nilimwambia aongeze ua, na nyota pembeni. Akacheka.

"Mama, ukiweka vitu vingi jicho linachoka. Alama nzuri ni ile ambayo hata wewe unaweza kuichora kwa kidole kwenye vumbi."

Mwisho akaipata: herufi Y ndani ya duara, mikono yake miwili imepinda kama pembe. Jina lake na ng'ombe wetu pamoja, kwa mistari michache tu. Nikainama nikaichora kwa kidole kwenye vumbi. Niliweza. Nililia kidogo, lakini hilo sikumwonyesha.

Wazo la ng'ombe lilikuwa langu.

Tulikuwa tunaandaa mahari ya Debora, binti wa Mzee Njiku wa Mtinko. Yona anampenda msichana yule mpaka chakula anasahau. Mume wangu yuko kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo mambo ya nyumba hii naamua mimi. Nikasema watu wa Mtinko lazima wajue ng'ombe hawa wametoka kwa nani. Mhunzi akatukunjia chuma, tukakipasha moto, Yona akapiga alama yake ubavuni mwa kila ng'ombe. Ilitoka safi kabisa. Akawa anazunguka zizi, anaitazama kazi yake ikitembea.

Shemeji yangu Daudi, ambaye ndiye msemaji wetu, alifika siku ya safari. Akawatazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Hiyo ni elimu," nikamjibu.

Akaenda kufungua zizi. Daudi ni mtu wa kunyamaza, na leo natamani angekuwa mtu wa makelele.

Jana asubuhi tukaingia Mtinko. Tulipokewa vizuri, tukapewa maji, shikamoo zikapita kwa wazee wote. Kisha Mzee Njiku akaenda kuwakagua ng'ombe. Akampapasa wa kwanza ubavuni. Akampapasa wa pili. Akageuka.

"Hawa ni wa mahari, au mmeniletea niwachunge?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Anawagawa kwa marafiki wawatunze. Anayetunza anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe wa namna hiyo ndio wanaowekwa alama, ili siku yoyote mwenyewe aje awachague awachukue. Ng'ombe wa mahari huendi naye na alama yako. Ukimpeleka hivyo unasema bado ni wako. Nimezaliwa najua hilo. Nimekulia katikati ya hilo. Ila nilipokuwa naishangilia ile Y ya mwanangu, sikuona kitu kingine.

Shangazi yake Debora akaruka katikati, mwanamke mnene mwenye sauti ya filimbi.

"Ee! Kumbe tumepata kibarua! Maziwa tunywe sisi, ndama wao! Na huyu binti yetu mtamchoma wapi, begani au pajani?"

Uwanja mzima ukacheka. Nikatazama mlangoni. Debora alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni, mabega yanatikisika.

Alikuwa anacheka naye.

Yona alisogea mbele, kwenye suruali yake ya shule niliyoipiga pasi mwenyewe. "Baba, ni alama ya kazi yangu tu. Ya shule."

"Kwani shule ndiyo inaoa?" Mzee Njiku akasema. "Kama ng'ombe si wako tena, ondoa jina lako."

"Alama ya moto haifutiki, baba."

"Basi ichome mpaka isisomeke. Si ndiyo ufundi wako?"

Likaletwa jembe, likawekwa motoni. Daudi akashika pembe, Yona akashika mpini. Akalibandika jembe juu ya alama yake, kwenye ngozi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kupona. Mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe wanalia, nywele zinanuka, na shangazi mtu anasimamia kazi: "Polepole, fundi! Usitoke nje ya mstari!"

Mimi ninayesema sana kuliko wanawake wote wa Mandewa nikabaki nahesabu ng'ombe waliosalia.

Alipomaliza, Mzee Njiku akapita akiwatazama tena. Akasema taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi: "Hawa sasa wana vidonda. Nzi watawamaliza kabla ya mvua. Binti yangu ni mzima, siwezi kumtoa kwa ng'ombe wagonjwa. Rudini nao. Na msihangaike kuleta wengine."

Alijua tangu mwanzo kwamba atakataa. Nilimwona usoni. Alitaka tu Yona ajichome mwenyewe kwanza.

Leo tumerudi, nzi na ng'ombe na sisi. Mama Samweli alikuwa mlangoni kwake, bila shaka. "Naona wageni wamerudi mapema." Nikamwambia Mtinko hakuna majani mwaka huu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Najaribu kumchukia Debora, nashindwa. Msichana mbele ya shangazi zake angefanya nini? Asipocheka atachekwa. Lakini Yona alimwona. Jembe la moto alilivumilia, kile kicheko hakukiweza. Njia nzima alitembea nyuma kabisa, na kila nilipogeuka aliangalia kando.

Sasa hivi tumemaliza kula. Yeye hakula, alikuwa anabonyeza tonge la ugali tu. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma:

"Mama, nakuomba usinitafutie mke mwingine."

Nikamwambia, nani amesema natafuta?

Ukweli ni kwamba kabla hatujafika nusu ya njia nilikuwa nimeshampata. Binti mmoja wa Sepuka, mpole, baba yake si mtu wa maneno. Nilikuwa nimefika hata kwenye kuchagua ng'ombe gani watatangulia.

Yona amelala, amegeukia ukutani. Kesho nitajaribu kunyamaza. Nimeandika nitajaribu.